Sura ya Tano: Mtoto wa Maabara Ana Tofauti Gani na Wenzake?

"Huyo mtoto wa chupa, akikua atakuwa kama wenzake?"

Swali hili huulizwa Kakamega kama linavyoulizwa Kampala na Dar es Salaam, na mara nyingi si wenye shida wanaolianzisha. Huanza na mama mkwe anayetaka kujua damu ya ukoo itapitia wapi. Shemeji naye huongeza lake kuhusu watoto wanaozaliwa na vichwa vikubwa. Wanandoa ambao wametafuta mtoto kwa miaka, na ambao daktari amewaambia mirija ya uzazi imeziba, hurudi nyumbani na hofu mbili: gharama ya kupata mtoto kupitia maabara, ambayo ni laki kadhaa za shilingi, na afya ya mtoto mwenyewe.

Jibu fupi ni hili: ndiyo, mazingira ya siku za kwanza za mimba huacha alama kwa mtoto, ziwe siku hizo zimepitia kwenye maabara au kwenye mwili wa mama. Lakini alama za maabara, kwa kadiri zilivyopimwa, ni ndogo na nyingi hupotea mtoto anapokua. Kwa familia nyingi za Kakamega, lenye uzito zaidi ni kile ambacho baba na mama walikula, walivuta, walikunywa na walichougua katika miezi mitatu kabla ya mimba kuingia. Sura hii inaeleza jinsi tulivyofika kwenye jibu hilo.

Kwanza tukumbuke kwamba njia hii ya maabara si ngeni. Ni njia ya kuunganisha yai na mbegu ya kiume nje ya mwili, kisha kurudisha kiinitete, yaani mimba changa ya siku chache, ndani ya tumbo la uzazi. Wengi huiita kwa herufi zake, IVF. Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Uganda ilipata wa kwanza mwaka 2004, katika hospitali ya Dkt. Edward Tamale Sali jijini Kampala. Kenya ilifuata Mei 2006, wasichana wawili walipozaliwa kwa msaada wa Dkt. Joshua Noreh wa Nairobi IVF Centre. Mabinti hao wamekwisha kutimiza umri wa kuchukua kitambulisho. Duniani kote, watoto wa IVF wamepita milioni 10.

Kitabu kimoja, alama mbalimbali

Kila mtu huanza na seli moja, chembe hai ndogo kuliko nukta iliyo mwisho wa sentensi hii. Ndani yake mna DNA, uzi mrefu wa maelekezo ya kujenga mwili. Kipande kimoja cha maelekezo hayo huitwa jeni. Seli moja huwa mbili, mbili huwa nne, na kila mpya hupewa nakala ya uzi mzima. Ndiyo maana seli ya ini na seli ya jicho zina DNA ile ile. Mbona basi ini halioni na jicho halisafishi damu?

Chukua kitabu cha nyimbo. Kwaya mbili zimenunua chapa moja, yenye nyimbo zile zile kwa mpangilio ule ule. Mwalimu wa kwaya ya kwanza amepita na penseli, akatia tiki kwenye nyimbo za kuimbwa na mkwaju kwenye za kurukwa. Mwalimu wa kwaya ya pili ametia alama zake. Ukiwasikiliza Jumapili utadhani wana vitabu viwili, ilhali hakuna neno hata moja lililobadilishwa. Epijenetiki ni elimu ya alama hizo za penseli: vibandiko vya kikemia vinavyokaa juu ya DNA na kuiambia seli jeni ipi isomwe, ipi inyamaze, bila kugusa jeni lenyewe.

Kibandiko kinachojulikana zaidi huitwa methili. Ni kidogo mno: kaboni moja na haidrojeni tatu. Mahali penye methili nyingi, mara nyingi jeni la jirani hunyamaza. Mwili hauwezi kutengeneza vibandiko hivi bila malighafi, na malighafi hiyo huja na chakula: asidi ya foliki iliyomo kwenye mboga za majani na maharagwe, vitamini B12 ya nyama, samaki, maziwa na mayai, na kolini ambayo kiini cha yai la kuku kinayo kwa wingi.

Juma la kufuta na kuandika upya

Yai la mama na mbegu ya baba hufika kila moja na alama zake. Alama hizo zilifaa kazi ya kuwa yai au kuwa mbegu, hazifai kazi ya kuwa mtu kamili. Kwa hiyo katika siku chache baada ya mbegu kuingia kwenye yai, sehemu kubwa ya alama za wote wawili hufutwa. Kiinitete kinapojishikiza kwenye ukuta wa tumbo la uzazi, mnamo siku ya sita hadi ya kumi, uandishi mpya huanza kwa kasi.

Yako majeni machache, yapata mia moja, ambayo hayaguswi na kifutio. Kwa kawaida tunasoma nakala zote mbili za jeni, ya baba na ya mama. Kwa haya machache, nakala moja tu ndiyo husomwa, na alama iliyobandikwa na mzazi ndiyo inayoamua ni ipi. Mfano ni jeni liitwalo IGF2, linalochochea ukuaji wa mtoto tumboni: nakala ya baba husomwa, ya mama hunyamaza. Katika sura hii alama hizo tutaziita alama za mzazi. Zikipotea katika juma hilo la kufuta, hakuna wa kuzirudisha.

Basi juma la kwanza lina kazi mbili nzito kwa pamoja, kufuta alama nyingi na kulinda chache, na kazi hizo hufanywa na kiinitete kisichozidi seli mia mbili hivi. Mama bado hajakosa siku zake wala hajui lolote. Kwa anayepitia IVF, siku tano za juma hilo hupita kwenye kisahani cha plastiki.

*Kwa ufupi:* DNA ni maneno, epijenetiki ni alama juu ya maneno. Katika siku za kwanza alama nyingi hufutwa na kuandikwa upya, na malighafi yake hutoka kwenye chakula.

Njaa ya Uholanzi na mvua ya Gambia

Tulijuaje kwamba mazingira ya wakati huo huonekana miaka mingi baadaye? Funzo moja lilitoka vitani. Katika majira ya baridi ya 1944 kuelekea 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Mgawo wa mtu mmoja ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, chini ya nusu ya kinachohitajika. Njaa hiyo ilianza na kumalizika kwa tarehe zinazojulikana, na hospitali ziliendelea kuweka kumbukumbu za uzazi. Miongo sita baadaye wanasayansi waliwapima watu waliotungwa mimba katika miezi ile, wakawalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja waliotungwa wakati wa shibe. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: waliotungwa wakati wa njaa walikuwa na methili pungufu kwenye jeni la IGF2, wakiwa tayari watu wa karibu miaka 60. Wale ambao mama zao walikumbwa na njaa ile ile mimba ikiwa kubwa hawakuwa na upungufu huo. Kilichotofautisha makundi hayo ni mwezi ambao njaa ilimkuta mtoto.

Funzo la pili lilitoka Afrika. Katika kijiji cha Keneba, Gambia, watu hulima kwa mvua ya msimu mmoja. Kuanzia Julai hadi Septemba ghala huwa tupu na kazi ya shamba huwa nyingi; Februari hadi Aprili chakula kipo na kazi ni chache. Watafiti walipima damu ya akina mama wakati wa kushika mimba, kisha wakapima methili za watoto wao. Mwaka 2014 walitangaza kwamba msimu wa kutungwa, na virutubisho vilivyokuwamo kwenye damu ya mama wakati huo, vilihusiana na wingi wa methili kwenye sehemu kadhaa za DNA ya mtoto. Ajabu ni kwamba waliotungwa msimu wa mvua walikuwa na methili nyingi zaidi, si chache. Mvua inapomaliza nafaka, huotesha majani.

Msomaji wa Kakamega analijua jambo hili kwa macho. Mahindi hupandwa mvua ya Machi inapoanza, na kufikia Mei na Juni familia nyingi zimekomba ghala zikisubiri mavuno ya Agosti. Miezi hiyo hiyo mrenda, saga, kunde, mitoo na managu hujaa bustanini na sokoni.

Jamii za Waluhya, hasa Wabukusu, zina desturi ya kumpa mtoto jina la msimu aliozaliwa: Wanjala au Nanjala wakati wa njaa, Wekesa au Nekesa wakati wa mavuno, Simiyu au Nasimiyu wakati wa kiangazi. Sasa rudi nyuma miezi tisa. Wanjala aliyezaliwa Juni alitungwa Septemba, mahindi mapya yakiwa gunia kwa gunia. Simiyu aliyezaliwa Februari ndiye aliyetungwa Mei, sufuria ikiwa na mboga tele na ugali wa kubahatisha. Jamii imehesabu msimu wa kuzaliwa kwa vizazi vingi. Elimu ya epijenetiki inatuomba tuhesabu na ule wa kutungwa.

Hili lisimtie mtu hofu. Tofauti zilizoonekana Keneba ni za wastani wa kundi, na hazimwambii mzazi mmoja kwamba mtoto wake ataugua. Zinatuonyesha kwamba mwili wa mama humpa mtoto habari za mazingira mapema kuliko tulivyodhani.

Ndani ya kisahani

Sasa tuingie maabara, tuangalie kwa karibu siku tano hizo.

Mama amedungwa homoni kwa siku kumi hivi ili mayai kadhaa yakomae pamoja badala ya moja. Mayai yametolewa kwa sindano. Mtaalamu wa viinitete ameyaweka kwenye kisahani cha plastiki kinachoenea kwenye kiganja. Ndani ya kisahani mna matone ya maji ya lishe, kila tone dogo kuliko tone la mvua, nayo yamefunikwa kwa mafuta maalumu yasikauke. Mbegu zimeongezwa. Kisahani kimerudishwa kwenye inkubeta, kabati linalotunza joto la nyuzi 37 na hewa iliyopimwa. Kesho yake asubuhi mtaalamu atatazama kwa hadubini kama yai lina viini viwili, cha baba na cha mama. Siku ya tatu atahesabu seli, kwa kawaida sita hadi nane. Siku ya tano ataona mviringo wenye uwazi ndani na kifundo cha seli upande mmoja: kifundo hicho ndicho kitakachokuwa mtoto, na ukuta unaokizunguka utakuwa sehemu kubwa ya kondo la nyuma.

Mambo manne katika maelezo hayo hayapo kwenye mimba ya kawaida, na kila moja limechunguzwa:

1. Homoni. Kipimo kikubwa huyafanya mayai mengi yakomae, ila pia hubadilisha hali ya ukuta wa tumbo la uzazi katika mwezi huo.
2. Hewa. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Ndani ya mirija ya uzazi oksijeni ni kidogo zaidi, kati ya asilimia 2 na 8. Ndiyo maana maabara nzuri huishusha hadi 5.
3. Maji ya lishe. Yana sukari, chumvi, protini na vitamini. Kampuni mbalimbali huchanganya kwa vipimo tofauti.
4. Kugandisha. Kiinitete kinaweza kuhifadhiwa kwenye naitrojeni kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, kikarudishwa tumboni miezi au miaka baadaye.

Jambo la tatu lilitoa matokeo yaliyowashtua wataalamu. Nchini Uholanzi wanandoa waligawanywa kwa bahati nasibu, viinitete vya kundi moja vikalelewa kwenye aina moja ya maji ya lishe na vya kundi jingine kwenye aina ya pili. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa watoto wa kundi moja walizaliwa na uzito pungufu kwa wastani wa gramu 158. Kila kitu kingine kilikuwa sawa. Siku chache ndani ya tone lile zilionekana kwenye mizani ya chumba cha kujifungulia miezi tisa baadaye.

La nne nalo lina upande wake. Watoto wa kiinitete kibichi, kilichorudishwa mwezi ule ule wa homoni, huzaliwa wakiwa wepesi kidogo kwa wastani. Wa kiinitete kilichogandishwa huwa wazito kidogo. Sababu moja inayotajwa ni kwamba kugandisha humpa mama muda wa kutulia kutoka kwenye zile homoni.

Kondoo wakubwa na ugonjwa adimu

Maneno ya shemeji kuhusu watoto wenye vichwa vikubwa hayakutoka hewani kabisa. Asili yake ni wanyama. Wafugaji wa kisayansi walipoanza kulea viinitete vya ng'ombe na kondoo kwenye maabara, baadhi ya ndama na wana-kondoo walizaliwa wakubwa kupita kiasi. Mwaka 2001 wataalamu wa taasisi ya Roslin, Uskoti, ile iliyomtoa kondoo Dolly, walipata chanzo kimoja: jeni linaloitwa IGF2R, ambalo ni breki ya ukuaji, lilikuwa limepoteza alama yake ya mzazi. Kwa kondoo breki hiyo hutegemea nakala moja tu. Kwa binadamu wengi nakala zote mbili husomwa, kwa hiyo tuna akiba ambayo kondoo hana.

Hata hivyo binadamu naye ana majeni mengine yenye alama za mzazi. Zikivurugika, mtoto anaweza kupata ugonjwa uitwao Beckwith-Wiedemann, kwa majina ya madaktari walioueleza: huzaliwa mkubwa, ulimi mpana, pengine ukuta wa tumbo haukufunga vizuri kitovuni, na huhitaji kufuatiliwa kwa sababu ya hatari ya uvimbe wa saratani utotoni. Kwa kawaida humpata mtoto mmoja kati ya 10,000 au zaidi kidogo. Kuanzia 2003 taarifa za nchi mbalimbali zilionyesha kuwa hujitokeza mara kadhaa zaidi kwa watoto wa IVF.

Hapa hesabu ni muhimu kuliko maneno "mara kadhaa". Tuchukue makadirio ya juu, mara kumi. Mmoja kati ya 10,000 anakuwa mmoja kati ya 1,000. Watoto 999 wa IVF kati ya 1,000 hawana ugonjwa huo.

Hatari kubwa zaidi ya IVF iko mahali pengine, nayo ni ya siku zote: pacha. Viinitete viwili au vitatu vikirudishwa kwa pamoja ili kuongeza bahati, mimba ya pacha huwa rahisi kutokea. Nyumba ya Kiluhya humpokea Mukhwana na Mulongo kwa ngoma na heshima, lakini mimba ya pacha huelekea kukatizwa kabla ya wakati, na mtoto njiti hukabiliwa na matatizo ya mapafu, ya ubongo na ya uzito ambayo hayalinganishwi na alama chache za methili. Kurudisha kiinitete kimoja kwa wakati mmoja humsaidia mtoto kuliko hatua nyingine nyingi.

*Kwa ufupi:* Siku za kisahani huonekana kwenye uzito wa mtoto kwa kiasi kidogo. Magonjwa ya alama za mzazi huongezeka, lakini hubaki adimu sana. Mimba ya pacha ndiyo hatari inayostahili kujadiliwa kwanza na daktari.

Alama hizo hudumu?

Australia ni kati ya nchi za mwanzo kutumia IVF kwa wingi, kwa hiyo ina watu wazima waliozaliwa hivyo. Kama ilivyo katika nchi nyingi, mtoto mchanga huko huchomwa kisigino, matone ya damu yake hukaushwa kwenye kadi na kadi huhifadhiwa. Watafiti wa Melbourne waliwaalika watu wa IVF wenye umri wa miaka 22 hadi 35, pamoja na wenzao waliotungwa kwa njia ya kawaida, wakapima damu yao ya sasa na ile ya kadi zao za utotoni.

Kwenye kadi, makundi mawili yalitofautiana katika baadhi ya methili. Kwenye damu ya utu uzima, sehemu kubwa ya tofauti hizo haikuonekana tena. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2019. Kwa mwalimu wetu wa kwaya, ni kama tiki kadhaa za mwanzo zilizofutika kwa kugeuzwa kurasa mwaka baada ya mwaka.

Na swali la mama mkwe, "Naye atazaa?", lilijibiwa zamani. Natalie, mdogo wake Louise Brown, ambaye pia alitungwa maabara, alijifungua mwaka 1999 baada ya kushika mimba kwa njia ya kawaida. Louise mwenyewe akapata mtoto wake wa kwanza mwaka 2006, naye bila msaada wa maabara.

Akitumia yai la mwingine

Novemba 2023 Safina Namukwaya, mwenye umri wa miaka 70, alijifungua pacha Kampala, katika hospitali ile ile ya Dkt. Sali. Yai lilitolewa na mwanamke mwingine, mbegu ilikuwa ya mwenzi wake. Afrika Mashariki nzima ilijadili: hao ni watoto wa nani?

Sheria na mila zina majibu yao. Biolojia inaongeza jambo moja ambalo wengi hawalijui. Aliyetoa yai ametoa nusu ya DNA. Aliyebeba mimba ametoa damu inayolisha kondo la nyuma kwa miezi yote, ametoa chakula, homoni, joto na hata msongo wake wa mawazo, na hayo yote huchangia alama zinazoandikwa juu ya DNA hiyo. Mama aliyebeba hakuazima tumbo tu. Ana sehemu katika jinsi majeni ya mtoto yanavyosomwa. Umri wa miaka 70 ni jambo jingine, kwa kuwa moyo na mishipa ya mama hulemewa, na madaktari wengi hawaushauri.

Baba naye yumo

Kwa muda mrefu mwanamume alihesabiwa kuwa mleta mbegu na mlipaji wa nauli. Ukweli ni kwamba upande wa mwanamume huchangia karibu nusu ya visa vya kukosa mtoto, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Mbegu huchukua takribani miezi miwili na nusu kutengenezwa, na katika muda huo alama zake huandikwa. Kwa wavutaji sigara, alama za mbegu zimeonekana kutofautiana na za wasiovuta. Pombe kali, unene uliokithiri na joto jingi kwenye korodani hupunguza ubora wa mbegu. Glasi ya chang'aa ya leo itakuta mbegu zinazotengenezwa kwa ajili ya mwezi wa tatu kutoka sasa.

Yai nalo hupitia miezi kama mitatu ya mwisho ya kukomaa. Kwa hiyo mume na mke wana dirisha moja la wakati: miezi mitatu kabla ya mimba.

Kliniki inaanza lini?

Hapa ndipo mfumo wetu unapokosa hatua. Akina mama wengi nchini Kenya huhudhuria kliniki kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu ya mimba kupita. Wakati huo uti wa mgongo wa mtoto umekwisha kufunga, kazi ambayo humalizika mnamo siku ya 28, na ule uandishi mkubwa wa methili umekwisha kufanyika. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki anavyopewa mama hapo vina faida kubwa kwa damu yake, lakini kwa uti wa mgongo vimechelewa.

Kaunti ya Kakamega imewahi kuonyesha njia. Mwaka 2013, chini ya Gavana Wycliffe Oparanya, ilianzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao wananchi waliuita Oparanya Care. Akina mama maskini walipewa fedha kidogo kidogo kwa kuhudhuria kliniki, kujifungulia kwenye kituo cha afya na kumpeleka mtoto kwenye chanjo. Mpango wa aina hiyo ungeweza kusogezwa nyuma robo mwaka, ukamfikia mwanamke anayepanga kushika mimba, na mumewe.

Bila kusubiri kaunti, wanaopanga mtoto, kwa IVF au bila IVF, wanaweza kufanya haya kuanzia miezi mitatu kabla:

- Asidi ya foliki. Mikrogramu 400 kila siku kwa mwanamke. Unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, unatakiwa kisheria kuongezwa kirutubisho hiki nchini Kenya tangu 2012. Unga wa kusaga wenyewe kwa mashine ya kijijini haujaongezwa kitu, na ndio unaopikwa katika nyumba nyingi Kakamega. Anayeula ahakikishe ana vidonge.
- Sahani. Mboga za kienyeji zisichemshwe hadi zikapoteza rangi, kwa maana foliki huharibika kwa moto mwingi na kumwagwa na maji. Yai, omena au maziwa yaongezwe kwa ajili ya B12 na kolini.
- Maambukizi. Kisonono na klamidia hutibika, na zisipotibiwa huziba mirija. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya ugumba katika bara letu, na ndiyo inayowafikisha wengi kwenye IVF. Wapimwe wote wawili.
- Malaria. Kakamega imo katika ukanda wa malaria ya mwaka mzima. Malaria ya kondo la nyuma hupunguza uzito wa mtoto. Chandarua kitumike kabla ya mimba na baada yake.
- Zebaki. Wanaochenjua dhahabu Rosterman, Ikolomani na Shinyalu hutumia zebaki, na mvuke wake inapochomwa huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo wa mtoto tumboni. Anayetafuta mimba aache kazi ya kuchanganya na kuchoma zebaki.
- Sigara na pombe. Ziachwe na wote wawili.

Na wanaokwenda kwenye vituo vya IVF, ambavyo vingi viko Nairobi, waulize kabla ya kulipa:

- Mtarudisha viinitete vingapi kwa wakati mmoja?
- Oksijeni ya inkubeta yenu ni asilimia ngapi?
- Kwa hali yangu, mnapendekeza kiinitete kibichi au kilichogandishwa, na kwa nini?
- Mtanipa kumbukumbu za maandishi za dawa nilizodungwa na siku ambazo kiinitete kilikaa maabara?

Kituo kizuri hakitaudhika kuulizwa. Kinachokasirika au kujibu kwa mkato kimekupa jibu la aina yake.

Muhtasari wa sura

1. Mazingira ya siku za kutungwa huacha alama juu ya DNA bila kuibadilisha DNA yenyewe.
2. Njaa, lishe na msimu vimeonekana kuacha alama hizo, kama ilivyoonekana Uholanzi na Gambia.
3. Maabara nayo huacha zake, hasa kwenye uzito wa kuzaliwa. Nyingi hazionekani tena katika utu uzima.
4. Magonjwa ya alama za mzazi huongezeka kwa IVF lakini ni adimu. Pacha na kuzaliwa njiti ni hatari kubwa zaidi, nayo huepukika.
5. Baba na mama wana miezi mitatu ya maandalizi. Mwanamke akiambiwa ameharibu mtoto kwa kwenda maabara, ulizeni kwanza mwanamume alijiandaaje katika miezi hiyo mitatu.